Warda wa Buyenzi Awatembeza Watu Korea

Warda Kadiri hakuingia kwa Madame Seo kutafuta kazi. Aliingia kukwepa mvua. Ilikuwa Novemba mwaka 2005, basi namba 71 lilikuwa limempita kituoni huku dereva akimtazama usoni, na upepo ulikuwa umemgeuzia mwavuli juu chini mbele ya watu wote wa barabara ya Chaussée d'Ixelles, jijini Brussels. Alikuwa na miaka thelathini na sita, ametoka kusafisha maofisi tangu alfajiri, na alikuwa na hasira ya mtu mzima mwenye soksi zilizolowa. Akasukuma mlango wa kwanza aliouona una mwanga.

Ndani hamkuwa na mteja hata mmoja. Kulikuwa na bibi wa Kikorea, mfupi, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa katikati ya mgahawa wake, amezungukwa na kabeji. Wala si kabeji mbili tatu. Kabeji ndefu zile za Kichina, zimepasuliwa na kulowekwa chumvi, zimejaa kwenye mabeseni, zimejaa kwenye sinki, nyingine zimelala juu ya meza za wageni zikichuruzika maji. Bibi alikuwa peke yake, anazipaka jani kwa jani rojo jekundu la pilipili na saumu.

Sasa, watu wa Buyenzi wana kasoro zao na mimi nazijua zote, lakini jambo moja hawaliwezi kabisa: kumkuta mtu mzima anafanya kazi halafu wakae kumtazama. Buyenzi ndio mtaa wa Waswahili pale Bujumbura. Ukienda kumsalimia jirani ukamkuta anachambua mchele, unavuta ungo wa pili, na salamu mnazimalizia hukohuko kwenye mchele. Kwa hiyo Warda hakuuliza swali. Alivua koti, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akapindua ndoo nyingine, akakaa.

Madame Seo alimtazama kidogo, kisha akamsogezea beseni.

Alipomaliza kabeji yake ya kwanza, Warda alimpa bibi aikague. Aliitoa kama alivyolelewa kumpa kitu mkubwa wake: mkono wa kulia umeshika, wa kushoto umeegemea kiwiko cha kulia. Madame Seo akaacha kazi.

"Nani amekufundisha kutoa hivyo?" aliuliza kwa Kifaransa chake cha kuokoteza.

"Mama yangu."

"Mama yako ni Mkorea?"

Warda alicheka mpaka pilipili ikampanda puani. Walifanya kazi saa tatu nzima, mabasi namba 71 yakapita labda ishirini, na hakuna aliyeyajali. Baadaye ndipo alipoelezwa kwamba kwao Madame Seo, baridi ikikaribia, majirani hukusanyika kutengeneza kimchi, ndiyo hiyo kabeji ya pilipili, ya msimu mzima, na kila aliyetia mkono huondoka na fungu lake. Bibi alikuwa amekaa Brussels miaka kumi na miwili, na kila Novemba alikuwa akiifanya kazi hiyo peke yake. Jioni ile Warda alirudi nyumbani na ndoo iliyojaa. Mumewe, Mansour, aliila kimchi ile kwa bugali, akatokwa machozi, akauliza kama ipo nyingine.

Jumatatu Warda alirudisha ndoo. Bila shaka hakuirudisha tupu, maana hakulelewa jalalani, aliitia sambusa. Jumanne akawa na kazi jikoni.

Mambo ya jikoni yalimwingia upesi kuliko alivyotarajia. Nguruwe hakumgusa, na Madame Seo alimwekea kisu na sufuria zake mwenyewe, wakamalizana bila mikutano. Siku alipofungua mfuko mmoja wa stoo akakuta samaki wadogo waliokaushwa, wembamba, wenye macho makubwa, alipiga kelele. Zilikuwa ndagala! Wakorea huzichemshia mchuzi, na harufu yake ilimrudisha sokoni moja kwa moja, kwa wale akina mama wa Rumonge wanaopima ndagala kwa kikombe huku wanakusema. Alikula tatu kavukavu, akiwa amesimama, na alifurahi kuliko ninavyoweza kueleza.

Aligombezwa mara moja tu. Mwezi wa kwanza, alipotoa bakuli kubwa la wali, alichomeka kijiko katikati, wima, kama tunavyofanya kwetu kwenye sinia la pilau shughulini. Kwetu kijiko kile kimesimama kuita watu: njooni, chakula kipo. Madame Seo alikiona akatoa ukelele, akakichomoa kama mtu anayezima moto. Kwao kijiko hakisimamishwi kwenye wali isipokuwa siku ya kuwakumbuka wafu. Unamwandalia aliyekwenda, si aliye hai. Warda alitubu hapo hapo, na kwa miaka tisa iliyofuata kijiko chake kililala.

Lakini kuna jambo ambalo Madame Seo hakulijua kwa muda mrefu, kwa sababu Warda hakulisema. Kabla ya kukimbia vita vya kwao, kabla ya makaratasi na foleni na vyeti vyake kuambiwa havitambuliki, Warda alikuwa mwalimu. Alifundisha darasa la tatu pale Buyenzi, watoto sitini na wawili kwenye chumba kimoja, na sauti yake ilifika mpaka dawati la nyuma bila yeye kupaza. Brussels ilimpa ufagio, halafu vyombo. Hakudharau kazi, mtu huyu hajui kudharau kazi. Ila aliumia, na aliumia hasa kwa kunyamaza. Zilipita siku nzima nzima ambazo alichosema ni "pardon" na "merci".

Mwaka 2009 Madame Seo alianza matembezi ya Jumamosi. Wasafiri walikuwa wanazidi kumwuliza maswali mezani, na vijana walikuwa wameanza kupenda muziki na tamthilia za Korea, basi akaona heri awakusanye. Alikutana nao metro Porte de Namur, akawapitisha kwenye duka la vyakula vya Asia, akawaonyesha hiki na kile, kisha akawaleta mgahawani wakapaka kabeji mojamoja kwa mikono yao, wakafundishwa kukaa, kumimina, kupokea, kula. Nyuma yao alitembea Warda na kikapu.

Kazi ya Warda ilikuwa kubeba kikapu na kunyamaza. Alibeba kikapu na kusikiliza. Baada ya mwaka mmoja alikuwa ameyahifadhi matembezi yote, pamoja na vichekesho vya Madame Seo na mahali ambapo watu hawakuvicheka. Asubuhi, jikoni akiwa peke yake, aliyatoa upya mbele ya kabeji kwa mpangilio bora zaidi. Siku moja Madame Seo alimkuta katikati ya somo la pilipili. Alisimama mlangoni mpaka mwisho, akasema, "Wewe mwalimu," na hilo lilikuwa tamko, si swali. Warda aliona haya, na alifurahi siku nzima.

Hayo yote ni utangulizi. Kisa chenyewe ni cha Novemba 2014.

Juma la kwanza la mwezi huo Madame Seo aliteleza kwenye ngazi za stoo akavunjika mguu. Daktari alisema miezi mitatu. Bibi alikuwa na umri wa miaka sitini na minane na ukaidi wa mtu wa thelathini, akakubali mwezi mmoja na nusu. Akiwa kitandani alimwambia Warda, "Jumamosi unawapeleka wewe."

Tatizo lilikuwa kampuni. Wasafiri wengi wa Jumamosi waliletwa na kampuni moja ya watalii, na mtu wa kampuni hiyo, aliyeitwa Antoine, alikuwa mpya na hawakuwahi kuonana naye uso kwa uso. Walizungumza kwa simu, Madame Seo akiwa ameweka spika ili Warda asikie.

"Atakayewaongoza ni Mkorea?" aliuliza Antoine.

"Ni mtu wa jikoni kwangu miaka tisa."

"Lakini ni Mkorea?"

"Anatoka Burundi."

Antoine, kwa adabu sana, akasema kwamba wateja wanalipia Korea. Angekuja mwenyewe Jumamosi ya tarehe kumi na tano, akae kati ya wasafiri. Asiporidhika, kampuni ingetafuta matembezi mengine, na haya yangekuwa yamekwisha. Alipokata simu Madame Seo alisema neno la Kikorea ambalo Warda hakufundishwa maana yake.

Warda aliondoka pale na hesabu kichwani. Asiyewahi kunyamazishwa ataona ni jambo dogo, Jumamosi moja, watu wanane. Kwake yeye ilikuwa hivi: akipita, atasimama mbele ya watu na kufundisha, kila juma, kama zamani. Akianguka, atarudi kwenye vyombo, na safari hii hata kikapu hakitakuwepo.

Ijumaa alikwenda Matonge, mtaa wa Waafrika hapohapo Ixelles, kwa rafiki yake Mauwa, mwanamke wa Lubumbashi mwenye saluni, mwili na sauti. Mauwa alikuwa anamsuka mteja, na habari zilipofika kwenye "anataka Mkorea" aliacha nywele za watu zikining'inia.

"Weye Warda! Ule muzungu anatafuta Mukorea, njo utaenda weye? Na ile foulard ya kichwa? Na ile muwili? Bon, ikala hapa nikuwekee mèches ya raide, nywele ya kunyooka, tukupakale poudre mingi, labda hataona."

Saluni nzima ilicheka, mteja pia. Warda alicheka, halafu machozi yakaanza kumlengalenga, na Mauwa akaona.

"Alors, juu ya nini unalia?"

"Sililii kitu. Nimechoka kunyamaza tu, Mauwa. Quatorze ans, miaka kumi na ine, niko nanyamaza. Nikiongeaga, naongeaga na kabeji."

Mauwa akaweka chanuo chini. "Sikia. Hapa Matonge, kila Jumamosi banaletaka bazungu, banapita na guide mbele ya mulango yangu. Ule guide iko mu-Flamand, muzungu wa hapa hapa. Anabafasiria fufu, bugali yetu. Fufu! Anabafasiria mèches, anabafasiria miye, niko nasimama hapa namusikia. Na anasemaka muzuri, siwezi kukatala. Kuko mwenye alimuulizaka eti baba yake alizaliwa Kinshasa? Hakuna. Basi, donc?"

"Donc nini?"

"Donc enda ukaseme bintu yenye unajua. Na foulard uvale ile ya jaune, inakupendezaka."

Kwa hiyo Jumamosi, saa nne na nusu, Warda alitoka metro Porte de Namur na mtandio wa manjano na kikapu mkononi. Wasafiri walikuwa wameshafika. Walikuwa wanane, na saba kati yao walikuwa wamemzunguka wa nane.

Yule wa nane alikuwa mwanamke wa Kikorea wa miaka karibu arobaini, nadhifu, koti la bluu, uso umemwiva kwa aibu. Mume na mke wazee wa Lyon walikuwa wanamwuliza kama kimchi inafaa kwa mwenye vidonda vya tumbo. Wasichana watatu wa Geneva walitaka kupiga naye picha. Mwanamume mmoja alikuwa anachezea simu. Na mwanamume mrefu mwenye skafu alikuwa amemshika mkono anautikisa kwa furaha.

"Mimi ni Antoine, tuliongea kwa simu! Basi mmenisikiliza. Vizuri sana, madame, vizuri sana."

"Bwana," yule mwanamke alisema, labda kwa mara ya tatu, "mimi naitwa Berthe. Ninatoka Namur, hapahapa Ubelgiji. Nimelipia kama ninyi. Mimi sijui kitu."

Warda alikuwa amesimama nyuma yao na kikapu, na hakuna aliyemtazama. Nitasema ukweli: alifikiria kugeuka. Ngazi za metro zilikuwa hatua tano tu. Badala yake akapiga moyo konde, akaweka kikapu chini, akasema, bila kupaza, kwa ile sauti ya kufika dawati la nyuma:

"Habari za asubuhi. Karibuni. Wa kuwaongoza ni mimi."

Vichwa vinane viligeuka. Uso wa Antoine ulishuka waziwazi, akatazama saa yake. Berthe ndiye peke yake aliyetabasamu, na alitabasamu kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

Dukani Warda alianza na pilipili, na pilipili ilimwokoa. Aliwapitishia unga wake wanuse, akawaambia upi ni wa rangi na upi ni wa adhabu, na yule mzee wa Lyon alipiga chafya saba mfululizo hata wasichana wakawa wanazihesabu kwa sauti. Wakafika kwenye samaki wakavu. Alisita kidogo, kisha akasema alichokijua.

"Hawa wanatengenezewa mchuzi. Kwetu, Ziwa Tanganyika, tuna ndugu zao. Tunawaita ndagala. Mimi nilipowaona kwenye jiko la Kikorea nilidhani nimefika nyumbani."

"Samahani," alisema Antoine, "sasa tuko Korea au tuko Burundi?"

"Tuko Ixelles, bwana," alisema Warda. Watu wakacheka, na Antoine naye mdomo ukamcheza kidogo, kabla hajaurudisha mahali pake.

Kwenye rafu ya mwisho alishika pakiti ya mwani, mweusi, mkavu. Alieleza kwamba mwanamke wa Korea akijifungua hulishwa mchuzi wa mwani huu, ili arudiwe na damu na apate maziwa. Halafu kila mwaka, siku ya kuzaliwa ya yule mtoto, mtoto hunywa mchuzi uleule. "Ni ukumbusho kwamba siku ile mama yako aliteseka, na alikunywa huu."

"Kila mtu?" aliuliza Berthe.

"Kila mtu."

Berthe aliichukua pakiti, akaigeuza, akasoma upande wa nyuma ambao ulikuwa wa Kikorea mtupu, akairudisha. Warda, ambaye kwa miaka mingi alizisoma nyuso za watoto wasiosema kilichowapata nyumbani, aliona na hakuuliza.

Mgahawani mambo yalinoga. Madame Seo alikuwa jikoni, mguu juu ya kiti, anachungulia kupitia tundu la kupitishia vyombo. Alikuwa ameapa hatatoka. Wasafiri walivaa aproni na kupaka kabeji. Warda aliwafundisha kutoa na kupokea: kulia kunashika, kushoto kunaegemea. Aliwafundisha kwamba mkubwa ndiye anayeanza kula, hivyo wote wakamgeukia mzee wa Lyon, aliyekuwa ameshatafuna. Aliwafundisha kwamba kule mhudumu haitwi kwa kupiga vidole. Mwanamke wa makamo anayekuletea chakula unamwita "imo", yaani dada wa mama, mama mdogo. Wakajaribu kumwita kwa zamu, imo, imo, kila mmoja na lafudhi yake. Zamu ya Berthe ilipofika alifungua mdomo, akaufunga, akaomba maji.

Warda alikuwa amechangamka. Hapo ndipo aliponaswa. Mkono ukiwa na furaha unafanya ulichozoea utotoni, na watu wamekaa, meza imejaa, vicheko vinasikika, ni shughuli kabisa. Aliweka bakuli kubwa la wali katikati ya meza, akachukua kijiko, akakichomeka juu yake. Wima.

Kwenye tundu la jikoni kulisikika pumzi ikivutwa.

"Madame," alisema Antoine, na sasa alikuwa macho kabisa. "Jana usiku nimesoma kitabu kizima cha adabu za Korea, na hicho ndicho nilichokishika. Kijiko namna hiyo ni cha wafu. Au nimekosea?"

Warda alihisi joto kuanzia shingoni mpaka kwenye ncha za masikio. Miaka tisa! Alitamani ardhi ipasuke, na pia alitamani kumpiga Antoine na mwiko, na naamini yote mawili yangemfaa. Kisha akafanya alichokuwa akifanya darasani alipokosea hesabu ubaoni mbele ya watoto. Hakufuta upesi upesi. Aliwaachia kosa walione.

"Hukukosea, bwana. Nimekosea mimi. Kitazameni vizuri." Akakiacha kijiko kimesimama. "Kwetu Buyenzi, kijiko kikisimama hivi kwenye wali ni mwaliko: njooni, msione haya, kipo cha kutosha. Korea, kikisimama hivi, chakula ni cha baba na mama waliokwisha kwenda. Wanaandaliwa siku yao, wanaitwa, watoto wanainama. Madame Seo aliponiona nafanya hivi mara ya kwanza alipiga kelele mpaka jirani akaja. Sasa ninyi hamtasahau, hata mkinisahau mimi."

Akakichomoa, akakilaza. Mzee wa Lyon alisema kwamba hata hivyo ni mwaliko uleule, kote wanaitwa kula, ila kule anaitwa aliye mbali. Mkewe akamwambia anyamaze ale. Watu wakacheka, vijiko vikaanza kugonga mabakuli, na Antoine akaandika kitu kwenye daftari lake kwa muda mrefu.

Berthe hakuwa anakula. Warda alichuchumaa karibu na kiti chake.

"Umezaliwa lini, dada?"

"Makaratasi yanasema tarehe tisa Novemba," Berthe alijibu kwa sauti ya chini. "Ni tarehe iliyokisiwa na watu wa kituo cha watoto kule Korea. Nililetwa Ubelgiji nina miezi saba. Wazazi walionilea Namur ni watu wazuri sana, kila mwaka wananiokea keki. Huo mchuzi sijawahi kuusikia."

Tarehe tisa ilikuwa Jumapili iliyopita. Warda aliingia jikoni. Juu ya jiko kulikuwa na sufuria ya mchuzi wa mwani, kwa sababu Madame Seo alikuwa anaunywa asubuhi na jioni ili mfupa uunge. Warda alimtazama bibi, na bibi, aliyesikia kila kitu, alikuwa ameshachukua bakuli.

Warda alilileta kwa mikono yake, kulia kumeshika, kushoto kumeegemea kiwiko. "Umechelewa siku sita tu," alisema. "Kunywa."

Berthe alisimama kulipokea. Alilipokea vilevile, kama alivyofundishwa robo saa kabla. Alikunywa lote, hakuacha hata jani, na machozi yalimtoka bila yeye kuyaficha, na wale wasichana wa Geneva nao wakaanza, maana wasichana wakianza hawaachi. Mzee wa Lyon alipenga kamasi akasingizia pilipili.

Walipokuwa wanavaa makoti, Antoine alimwita Warda pembeni, akamwita na Berthe.

"Nimependa," alisema. "Nilikuja kwa shingo upande, lakini nimependa. Nina wazo moja tu. Madame Berthe, wewe unaishi karibu. Jumamosi ungesimama wewe mbele, kwa ajili ya wateja, unaelewa, kwa ajili ya picha. Madame Warda atakuandikia ya kusema. Kila mtu anapata."

Kikapu kilikuwa mkononi mwa Warda tayari, hakukumbuka amekiokota saa ngapi. Nyuma ya tundu la jikoni gongo la Madame Seo liligonga sakafu.

Berthe alimtazama Antoine kama mtu anayetafuta mahali pa kuanzia.

"Bwana, nisimame niseme nini? Chote ninachokijua kuhusu Korea nimekijua leo, kati ya saa nne na nusu na saa nane." Akageuka. "Imo, Jumamosi ijayo nije tena? Nataka kujua kuupika."

Neno lilitoka lenyewe. Warda alilisikia, akaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, njoo.

Antoine akatoa mfukoni karatasi ya majina ya wasafiri wa Jumamosi iliyofuata, akainyoosha kwa Warda kwa mkono mmoja. Mkono ulifika katikati ukasimama. Akaurudisha, akaishika karatasi kwa mkono wa kulia, akauegemeza wa kushoto kwenye kiwiko, vibaya kidogo, juu ya skafu, na ndipo akaitoa.

"Safari hii ni kumi na wawili," alisema. "Utawaweza?"

Warda aliipokea karatasi kwa adabu zote, akayasoma majina mpaka mwisho.

"Bwana Antoine, Buyenzi nilikuwa na sitini na wawili," alisema. "Na hao walikuwa wanakuja hawajala."